Mradi wa Punda Mstaafu

Punda mmoja, mchapakazi asiyejua kukaa, alivuta mkokoteni wa bosi wake Tembo kwa miaka ishirini. Siku ya kustaafu, Tembo alimpa kiinua mgongo chake: magunia kumi ya mahindi.

Jirani yake Mbuzi, mpenda usingizi, akamwambia, "Hongera, Mzee Punda. Sasa kula taratibu, upumzike."

"Kupumzika? Mahindi yakikaa yanaisha," Punda akajibu. "Mimi nafungua mradi."

Mradi gani sasa? Punda alijua kazi moja tu duniani. Akatoa magunia yote kumi, akanunua mkokoteni mpya wenye matairi ya gari, akaupaka rangi ya kijani, kisha akakaa kivulini kusubiri faida.

Wateja walikuja siku hiyo hiyo. Aliyekosekana ni wa kuuvuta. Ng'ombe alitaka mshahara na likizo. Kondoo aliangalia kilima cha kupandisha mizigo, akasema mgongo unamuuma. Nyumbani hapakuwa na hata punje, na tumbo la Punda lilishaanza kunguruma. Ikabidi ajifunge mwenyewe kwenye mkokoteni.

Wiki iliyofuata Mbuzi alimkuta kilimani na shehena ya matofali, jasho linamtiririka.

"Mzee Punda, si umestaafu wewe?"

"Nimestaafu kwa Tembo," Punda akasema, akicheka huku anahema. "Yule alikuwa ananipumzisha Ijumaa. Bosi wangu wa sasa hana akili wala huruma. Na nikisema nimtoroke, natoroka naye."