Maji Aliyoomba Baba

Mfuko wa mkojo ulining'inia ubavuni mwa kitanda tangu asubuhi, mkavu kama siku uliyotengenezwa. Fortunée, mwanafunzi wa uuguzi, aliukagua tena. Alipoinua macho, alimkuta baba yake amemnyooshea kikombe.

"Unipatie mayi."

"Papa, docteur alikatala."

Mzee alitabasamu. Ndiye aliyekuwa akimsikiliza akikariri masomo jikoni, mpaka majina yote yakamwingia. Na maji aliyajua: ujana wake wote aliumalizia kwenye kazi ya bwawa la umeme la Mwadingusha.

"Mayi inatoka ku figo, inapita mu ureta, inaingia mu kibofu, inatoka inje. Si weye ulinifundisha? Barrage bila mayi haitoe kitu. Unipatie nikunywe, utaona."

Fortunée alilijua neno la figo zilizokufa. Kwenye mtihani lilimpa alama zote. Sasa aliliacha.

Akaubonyeza mguu wa baba yake uliovimba kwa kidole gumba. Alipokiondoa, shimo likabaki.

"Mayi yote iko hapa, papa. Haina njia ya kutoka."

Mzee alilitazama lile shimo. Kisha akamnyooshea tena kikombe, safari hii kwa mikono miwili, kama mtoto mbele ya mkubwa.