Rangi ya Mwako

Injini iliwaka bila kubembelezwa, na mhandisi akakunja ngumi mpaka kucha zikamuuma viganjani.

"Leo imekubali, dada!" alipiga kelele mchongaji vyuma, uso ameugandamiza kwenye kioo kinene cha chumba cha majaribio. Karakana nzima ilimwita Kidevu, kwa kuwa ndevu zake ndizo zilizotangulia kufika kazini, yeye akafuata.

Midomo ya mhandisi ilikuwa ikisogea bila sauti. Alikuwa akiomba, naye hakuwa mtu wa kuomba ovyo.

Kando yake alisimama mwanawe wa pekee, rubani, amevaa ovaroli ya kurukia ya marehemu baba yake. Alikuwa akichechemea kidogo. Asubuhi, wakati wa kutoka nyumbani, alijikwaa mlangoni pa jikoni, akaruka kwa mguu mmoja huku akicheka. "Mama, nikianguka leo usilaumu ndege. Laumu hili jiwe lako la kuzuilia mlango, ulilolishonea kitambaa kama mto wa bibi harusi!" Mama yake hakucheka.

Nje, kijindege chepesi kilikaa pua wazi, kikisubiri injini hii. Bosi alishasema, tena kwa uso mkavu, kwamba hii ndiyo rota ya mwisho. Ikigoma, mradi unafungwa, na kila mtu atajua pa kushika.

Haikuwa injini ya pistoni za kupanda na kushuka. Ndani yake lilizunguka pande la chuma la pembe tatu, ndiyo rota yenyewe, na kila ubavu wake ulichongwa kishimo ambamo mafuta huwakia. Balaa lote lilikuwa kwenye hicho kishimo. Rota ikizunguka, moto hukimbilia mbele pamoja nayo, na huku nyuma, mkiani, mafuta hubaki mabichi. Ukikichonga mahali pake na kukipa kina chake, moto hufika kote, na chuma hubabuka rangi moja ya kahawia, kichwa hadi mkia. Ukikosea, mkia hubaki mweusi tititi kwa masizi. Mhandisi mwenyewe ndiye aliyewafundisha kusoma hivyo. "Mnaweza kudanganywa na sauti," alikuwa akiwaambia, "lakini rangi haidanganyi."

Na rota baada ya rota zilitoka na mkia mweusi. Kila mara mhandisi alijifungia na grainda yake ya kusagia chuma, akachonga upya kwa mkono wake, hataki mtu amsogelee. Alikonda, macho yakaingia ndani. Chakula alikigusa tu ili asisemwe. Karakana nzima ilimwonea huruma. Uchungu wa mwana, walisema, aujuaye ni mzazi.

"Na ile ya kwanza kabisa?" Kidevu aliwahi kumuuliza. "Ile uliyoichonga sisi tukiwa likizo. Mbona hatukuijaribu?"

"Ilikuwa na ufa. Niliitupa."

"Pole, dada. Labda bahati yetu ilikuwa humo."

Sasa injini ilinguruma sawasawa, na sindano ya kipimo cha mzunguko ikapanda bila kuyumba. Rubani alimshika mama yake bega.

"Unasikia? Baba angekuwepo angecheza."

Mhandisi aliitazama ile ovaroli, mikono yake imekunjwa kwa sababu baba mtu alikuwa mrefu zaidi. Siku alipoanguka na ndege, wachunguzi walikuja na kofia mikononi, wakamwambia mjane kwamba injini haikuwa na kasoro hata chembe, ilifanya kazi hadi chini. Ni upepo tu. Walidhani wanamfariji.

"Mungu wangu," alinong'ona. "Leo tu. Sitakuomba tena."

Injini ikakohoa.

Ikashika tena. Kidevu akatoa tusi dogo na kuomba radhi papo hapo. Ikakohoa mara ya pili, ikatingisha kitako chake chote, ikatema moshi mweusi, ikazima.

Mhandisi alikaa sakafuni palepale kwenye madoa ya oili, akalia kwa sauti kama aliyefiwa. Mwanawe alichuchumaa, akamkumbatia.

"Basi, mama. Basi. Umefanya uliloweza."

"Nisamehe, mwanangu," alisema, na neno hilo lilimtoka moyoni kabisa.

Injini ilipopoa, Kidevu aliifungua. Mkia ulikuwa mweusi tititi. Bosi aliutazama, akatikisa kichwa, akaenda kuwaambia vijana wa uwanjani wakifunike kijindege na turubai.

Jioni, nyumbani, rubani alikuwa ameshapiga simu yake. "Nimeikubali ile kazi ya kufundisha darasani," alisema, akijaribu kutabasamu. "Nitakuwa wa ardhini tu, kama kuku."

"Kuku anaishi vizuri tu," mama yake alisema. Alimpakulia, na yeye mwenyewe akala hadi akaongeza.

Kijana alichukua taulo aende kuoga. Mlangoni akajikwaa tena, safari hii kwa hasira, na kitambaa cha lile jiwe kikachanika pembeni. "Mama, hili dude litupe!"

"Nitalishona," alijibu.

Alingoja mpaka aliposikia maji yakimwagika bafuni. Akatunga uzi, akapiga magoti, na kabla ya kushona akapitisha kidole kwenye mpasuko, taratibu, juu ya kishimo cha chuma kilichobabuka rangi moja ya kahawia, kichwa hadi mkia.