Aisingi ya Mama

Keki ilikuwa inang'aa kama trekta.

Taras Bodnar aliisukuma kompyuta mbali, akajishika kichwa. Kazi yake kwenye kampuni ya mnada pale Yorkton ilikuwa kusafisha picha za matrekta na mashine za kuvunia. Alifuta kutu na kung'arisha bodi mpaka mkulima anayetazama mate yakamtoka. Chuma alikimudu. Aisingi, ule mpako mweupe wa keki, ndiyo iliyomtoa jasho.

"Hiyo ni rangi ya gari," alisema mkewe, Janelle, akichungulia begani kwake. "Punguza mng'ao."

Akapunguza. Keki ikapooza, ikawa kama theluji chafu ya kando ya barabara mwezi wa Machi.

"Sasa imechacha."

"Njoo ukae wewe basi!"

"Mimi nilishasema yangu. Nilisema ufunge kamba."

Taras akaivuta kompyuta karibu tena. Asubuhi ya harusi yao, Jumamosi iliyopita, alikwenda Canora, mji wa jirani, kuchukua keki kwa mama yake. Mama alikuwa ameoka keki za harusi za nusu ya mji ule, na siku zote akisema iliyo bora anamwekea mwanawe wa pekee. Keki ilikuwa tayari wiki nzima kabla. Taras aliitupia jicho mara moja tu: tabaka tatu, nyeupe, na yale mawimbi madogo ambayo Mama huyachora kwa mgongo wa kijiko. Kisha Mama akafunika boksi na kurudisha mikono yake iliyokakamaa ndani ya mifuko ya aproni.

"Mimi siji, kifua kimenibana," alisema. "Ila kabla kisu hakijagusa keki, unipigie simu. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Alilinyanyua boksi kwa mkono mmoja, akatabasamu. Si bure watu kusema keki za Mama ni nyepesi. Akaliweka nyuma ya pikapu. Janelle akamwambia kwenye simu alifunge kamba. Kamba ya nini, na mwendo wenyewe ni wa kufumba na kufumbua? Lakini upepo wa kule haubembelezwi. Katikati ya njia alitazama kwenye kioo, akaliona boksi linapaa, linavuka uzio, linapotelea kwenye mashamba ya kanola, ule mmea wa mafuta. Alilitafuta mpaka suti ikajaa matope. Hakupata hata kifuniko.

Wageni walikula keki bapa ya dukani, na simu hakupiga. Kesho yake Mama alilazwa hospitali kwa nimonia, na akapiga mwenyewe kutoka kitandani.

"Keki mliikata?"

"Tuliikata, Mama. Watu walilamba vidole! Mimi peke yangu nilikula vipande viwili."

Mama alikohoa muda mrefu. Taras alidhani ni kifua.

"Basi niletee picha," alisema mwishowe.

Picha yenyewe ndiyo hii iliyokuwa ikimtesa. Bwana na bibi harusi walikuwa tayari wamesimama na kisu; kilichobaki ni kuiondoa keki ya dukani na kuweka ya Mama. Rahisi kusema. Alichora wimbi moja zuri, akalinakili kuzunguka keki nzima, akajiona fundi.

"Hili na lile ni mapacha," alisema Janelle. "Na yule pale ni pacha wao."

Akafuta yote. Akachora upya, wimbi kwa wimbi, na vivuli vikakataa kufuata mwanga wa dirisha. Akaipiga meza ngumi, kahawa ikaruka.

"Taras, mwambie ukweli yaishe."

"Nimwambie nini? Kwamba keki yake iko shambani inaliwa na kunguru? Ameingojea harusi hii tangu nizaliwe. Akisikia hivyo, kwa hali aliyonayo, hatoki hospitali!"

Aliinuka kwa hasira kwenda kunywa maji. Alipofungua friji, akakutana uso kwa uso na siagi. Akasimama. Akaitoa, akaikoroga na sukari, akaipaka kwenye sahani kwa mgongo wa kijiko, akaipiga picha karibu na dirisha. Kisha kwenye kompyuta akaichukua ngozi ile ya siagi, na vitundu vyake na uzito wake, akaivisha ile keki ya kuchora, tabaka baada ya tabaka.

Janelle alikuja kuangalia akiwa na maneno yake tayari. Akayasahau, akameza mate.

Jioni waliingia wodini. Mama alikuwa ameegemea mito, mdogo kuliko kawaida yake. Taras akamshikia picha mbele ya uso. Mama akaomba miwani, akaisogelea, akaikagua kuanzia tabaka la juu mpaka la chini, kama alivyozoea kukagua keki za wenzake ili azikosoe.

"Siagi tupu," alisema. "Hata mimi siku zangu nzuri sikuipaka hivi."

Taras akamtupia Janelle jicho la ushindi.

"Na mliila kweli?"

"Tuliila yote, Mama. Haikubaki hata chembe."

Mama akavua miwani, akamtazama mwanawe kwa huruma.

"Mungu ni mkubwa, Taras," alisema. "Maana mikono hii haioki tena, na ndani niliweka yale madude meupe mepesi yanayofungashwa pamoja na televisheni mpya, na juu nikapaka plasta ya ukuta."