Kitanda cha Dirishani

"Usifungue mdomo, mama," muuguzi alinong'ona, akimpandishia bibi shuka hadi kidevuni. "Neno moja tu, lafudhi itakuumbua."

Afisa wa wizara alikuwa tayari mlangoni, mganga mkuu akimfuata unyounyo. Serikali ilitaka ripoti: wagonjwa wa kigeni wanazigharimu hospitali za umma kiasi gani. Kila aliyehesabiwa kuwa mgeni aliruhusiwa kwenda nyumbani mapema. Kuruhusiwa lilikuwa jina la heshima tu, walitimuliwa.

Safari iliyopita muuguzi mwenyewe ndiye aliyemtaja fundi ujenzi aliyevunjika mguu kuwa mgeni. Fundi aliondoka akichechemea, kidonda bado kibichi, na mlangoni akageuka: "Asante sista, kwa yote." Ile asante ilimkwama muuguzi kooni, hadi leo haijashuka.

Bibi huyu alikuwa amevuka mpaka kumtafuta mtu wake. "Nilimpata," alisema siku aliyolazwa, "ila hakuwa na nafasi." Kisha akageukia ukutani.

Afisa alipita kitanda hadi kitanda, mkavu, bila kumtazama mtu usoni. Alipofika dirishani akasimama. Kalamu ikamponyoka.

"Huyu anaumwa nini?"

"Mapafu, mheshimiwa."

"Anakula?"

"Kidogo kidogo."

Mganga mkuu akadakia, "Sista, ni mwenyeji huyu?"

Muuguzi alipima haraka. Akisema kweli, atamfukuza mwingine. Akisema uongo, kazi hana.

"Ni mama yangu," akaropoka. "Mama yangu mzazi."

Afisa alisogea karibu. Akamwinamia bibi, sauti imemshuka.

"Ni kweli, mama? Huyu ndiye mwanao?"

Muuguzi akamminya bibi mkono: nyamaza. Bibi hakunyamaza.

"Ndiye," alisema, akiyavuta maneno kwa lafudhi ya kwao, wodi nzima ikasikia. "Sina mwingine."

Mganga mkuu akakohoa. "Mheshimiwa, hiyo lafudhi..."

"Nimesikia," afisa alimkata. "Ni mwenyeji. Tuendelee."

Lakini hakuendelea. Alitoka kwa hatua za mtu anayekaribia kukimbia, na vitanda vilivyobaki hakuvigusa.

Muuguzi akaketi ukingoni mwa kitanda. Ahueni aliyoitarajia haikuja. Alikuwa amedanganya mbele ya wakubwa, na zaidi ya hapo alikuwa amejitwalia mama wa watu kama anayeokota kitu njiani. Machozi yakamtoka.

"Nisamehe, mama. Nimekusingizia uzazi."

Bibi alikuwa bado anautazama mlango.

"Usilie wewe," alisema. "Alie yule niliyemzaa, anayekuja kuniuliza mwanangu ni nani."