Kuku Katika Kitalu cha Nguchiro

Jambo moja halijanielea mpaka leo: Kuku aliwezaje kukalia mbegu siku nane bila kudonoa hata moja?

Kitalu cha Nguchiro kilikuwa na kivuli na baridi kutwa, na mbegu zake za nyanya zilikwisha kuoza mara mbili. Alipokwenda kutazama sanduku la mwisho la mbegu, alimkuta Kuku ameketi juu yake.

"Mwizi mkubwa! Umenimaliza!"

Fuko, jirani yao, akamwinua Kuku. Wote wakabaki midomo wazi. Sanduku zima lilikuwa limechipua.

"Mayai yangu uliyala yote, bwana," Kuku akasema. "Nilikosa cha kuatamia."

Majirani wakaamua mayai ya Kuku yalindwe. Aliyeyalinda ni Nguchiro, na halikupotea hata moja.