Samadi Iliyoteremka kwa Mama Mkwe

Hili ni la kweli tupu. Nikitia chumvi, ni ile ya kulizuia lisioze.

Yule bwana tuliyempachika jina la Chapuchapu alikuwa shambani, akimwaga samadi kwenye mahindi machanga, na juu ya samadi mbolea ya chumvichumvi. Wingu lilikuwa limetuna kama shavu la mwenye jino bovu.

"Ifukie kwanza," mkewe alimwambia. "Mvua itaikokota yote."

"Mvua itaizamisha. Mungu kanipa kibarua wa bure, nimkatae?"

Chini mteremkoni, mama mkwe alikuwa akipalilia ukingo wa bwawa lake la samaki. Hakukoma kulilalamikia: maji meupe pee, hayana ule ukijani unaonenepesha samaki.

"Mkwe!" aliita. "Unamwaga yote leo?"

"Yote, mama!"

"Mungu akubariki."

Mvua ilinyesha siku saba. Haya, mke wangu amekohoa: ilinyesha alasiri moja. Ilitosha. Kulipokucha, mahindi yalikuwa mizizi nje, tuta la kuzuia maji limeachia katikati, na mfereji mweusi umenyooka hadi bwawani.

Siku chache baadaye bwawa likawa kijani kizito, hata vyura walikatiza juu yake kwa miguu. Kisha, asubuhi moja, samaki wote wakaelea matumbo juu.

"Mama yangu umemmwagia mavi ya ng'ombe," mkewe alisema, taratibu, na hiyo taratibu ndiyo iliyomchoma. "Nitamtazama kwa macho yapi?"

Chapuchapu akawa mtu wa kupita vichakani. Siku moja, akiwa dukani, alisikia kikohozi cha mkwewe barabarani. Akajibanza nyuma ya magunia ya pumba, akakaa humo mpaka mwenye duka akamuuliza kama naye anataka kupimwa kilo.

Lakini haya ya mkwe haifichiki kwenye pumba. Alikonda. Usiku alikuwa akigeuka kitandani kama chapati. Mwishowe akamfungua mtamba wake, wa pekee, mwenye mimba changa, akashuka naye mteremkoni.

Mama mkwe alikuwa akifukia mabaki ya mwisho ya samaki. Chapuchapu akapiga magoti palepale topeni.

"Mama, uzembe wangu umekumalizia riziki. Sina uso. Mchukue huyu, japo hatoshi."

Kamba haikupokelewa. Mama yule aliendelea kulitazama shimo.

"Mrudishe, baba. Siku ile mlipokimbilia ndani kukwepa mvua, lile tuta nililikata mimi." Akavuta kitambaa cha kichwa mpaka kikamfunika macho. "Nilitaka kijani kidogo tu."