Kitufe cha Kipaza Sauti

"Kuna anayepinga bwawa?" aliuliza mwenyekiti, waziri na wafadhili wa kigeni wakiwa pembeni yake.

Sisi wazee wa msituni tukanyamaza. Kwetu, jambo ovu kupita kiasi halijibiwi. Ukilijibu tu, umeshafungua mapatano. Hata shemeji yangu, ambaye huongea mpaka usingizini, alifunga mdomo.

Nikamwona mwenyekiti anatabasamu.

Yule bwana alidhani tumekubali! Akanyanyua kinyundo cha mbao. Kikigonga meza, bwawa limepita, na maji yatafunika nyumba zetu na makaburi.

"Shemeji, hawa hawakijui kimya chetu," nikanong'ona.

"Usithubutu! Ukisema neno moja, wataanza kutupangia bei."

"Na nisiposema?"

Alijifuta jasho, na ukumbi wenyewe ulikuwa wa baridi ya kuhifadhia nyama.

Mbele yangu palikuwa na kipaza sauti chenye kitufe cha kushikilia unapotaka kusema. Nikakisogezea kidole kama mwizi wa sukari. Kinyundo kikaanza kushuka.

Nikabonyeza. Taa nyekundu ikawaka. Sikusema kitu, nilipumua tu, na pumzi yangu ya kizee ikakoroma ukumbi mzima kama fisi mwenye mafua.

Kinyundo kikasimama hewani. Shingo zote zikanigeukia.

"Ndiyo, bibi? Unapinga au unakubali?"

Nikapumua tena.

"Bibi, nahesabu mpaka tatu."

Shemeji akafumba macho. Kidole changu kilikuwa kimeanza kufa ganzi, lakini sikukiachia kitufe; kinyundo kilikuwa bado hewani.